Kabla shule hazijafunguliwa: namna ya kupunguza vitu katika chumba cha mtoto

Siku za mwisho za Agosti, vumbi jekundu la kiangazi huwa limetanda juu ya kilima cha Rebero, kusini mwa jiji la Kigali, na wazazi huwa wamekwisha kuanza hesabu zao: karo, sare, madaftari, viatu. Mara nyingi hesabu hiyo huanzia sokoni. Makala haya yanaeleza kwa nini ingefaa ianzie katika chumba anamolala mtoto, na jinsi ya kuifanya kazi hiyo bila hasara, bila ugomvi na bila kumwumiza mtoto moyo.

Tuchukue mfano wa nyumba ya kupanga yenye vyumba vitatu, ambamo watoto watatu wanalala chumba kimoja. Chini ya kitanda kuna maboksi mawili ya viatu ambavyo havimtoshi yeyote. Nyuma ya mlango zinaning'inia nguo za sikukuu ya mwaka juzi. Juu ya kabati kuna mikoba miwili iliyokatika mikanda, na ndani ya mikoba hiyo mna madaftari ambayo hayakufikia hata nusu. Kwenye pembe kuna gari la plastiki lisilo na magurudumu, redio iliyokufa na chaja tatu za simu ambazo hakuna anayejua ni za simu gani. Nyumba yaweza kuwa inafagiliwa kila asubuhi, na bado chumba cha watoto kikawa kimejaa pomoni.

Jumapili ya mwisho kabla ya shule, mama anarudi kutoka sokoni na madaftari mapya kumi na mawili. Siku tatu baadaye anayakuta mengine manane chini ya godoro, karibu meupe. Hapo ndipo mtu anapotambua kwamba vitu visivyoonekana hugharimu sawa na vitu visivyokuwapo.

Kwa nini wakati huu

Kwa miaka mingi mwaka wa masomo nchini Rwanda ulianza mwezi Januari. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya janga la Korona, kalenda ilivurugika, na tangu mwaka 2021 masomo huanza kati ya Septemba na Oktoba. Mwaka 2023 shule zilifunguliwa Septemba 25. Mwaka 2024 zikafunguliwa Septemba 9, na mwaka 2025 Septemba 8.

Badiliko hilo lilileta jambo moja jema ambalo halikutajwa sana. Likizo ndefu sasa inaangukia katika Impeshyi, kiangazi kirefu cha kuanzia Juni, na inakwisha wakati mvua za Umuhindo zinapokaribia kurejea katikati ya Septemba. Kwa maneno mengine, Agosti ndio mwezi ambao mzazi anaweza kutoa godoro, blanketi na mito uani asubuhi akavirudisha jioni vikiwa vikavu kabisa. Akichelewa wiki tatu, atajikuta anaanika kati ya mvua mbili, na chumba kilichopangwa upya kitafungwa na unyevu ndani yake.

Mwezi huo huo, Ijumaa ya kwanza, taifa huadhimisha Umuganura, sikukuu ya mavuno, ambapo mwenye kupata humgawia asiyepata na watoto hunyweshwa maziwa. Kwa familia inayotaka kuwafundisha watoto kutoa walicho nacho, hakuna siku inayofaa zaidi kuianza kazi hii.

Faida ya kwanza: mfuko wa mzazi

Septemba 2022, Wizara ya Elimu ilitangaza viwango vya mchango wa mzazi kwa kila muhula katika shule za serikali na zile zinazosaidiwa na serikali: faranga 975 kwa chekechea na msingi, faranga 19,500 kwa sekondari ya kutwa na faranga 85,000 kwa sekondari ya bweni. Viwango hivyo viliweka mpaka kwa yale yanayodaiwa na shule. Havikuweka mpaka kwa yale yanayodaiwa na mtoto mwenyewe: mguu unaokua, kalamu inayopotea, sweta lililosahauliwa uwanjani. Huko ndiko mfuko unakotobokea.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ilikusudiwa wafanyabiashara, lakini inafaa pia kwa kabati la mtoto. Kabla ya kwenda sokoni, mzazi achukue karatasi na kuandika safu mbili: kilichopo na kinachokosekana. Soksi jozi ngapi nzima? Madaftari mangapi yana kurasa nyingi zilizobaki? Rula ipo? Bikari ipo? Sare ya mkubwa yaweza kumfaa mdogo ikipunguzwa pindo? Fundi cherehani atadai pesa kidogo kwa pindo. Sare mpya ni habari nyingine.

Faida ya pili: afya

Mbu wa malaria, jamii ya Anofelesi, akishakunywa damu usiku huwa mzito, na hutafuta mahali penye giza na utulivu apumzike: ukutani, nyuma ya kabati, chini ya kitanda, katika mikunjo ya nguo zilizoning'inizwa. Chumba kilichosheheni humpa maficho mengi. Zaidi ya hayo, kitanda kilichozungukwa na maboksi huwa vigumu kukifunika sawasawa kwa chandarua, kwa kuwa pindo la chandarua sharti lichomekwe chini ya godoro pande zote. Mwishoni mwa mwaka 2024, malaria ilipoongezeka tena nchini, wilaya za jiji la Kigali, Kicukiro ikiwa mojawapo, zilitajwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Rebero imo katika Kicukiro. Kuishi kilimani hakutoshi kuwa kinga.

Kuna na vumbi. Wadudu wadogo wa vumbi, wasioonekana kwa macho, huishi katika magodoro, mito, blanketi na midoli ya manyoya, na hustawi penye unyevu. Kwa mtoto mwenye pumu au mafua yasiyokwisha, midoli kumi ya manyoya kitandani ni mzigo kwa mapafu yake. Abakize mmoja anaoupenda, ufuliwe, uanikwe, na mingine itafutiwe kwao.

Jambo moja wengi hukosea: godoro lianikwe juani, lakini chandarua chenye dawa kianikwe kivulini. Jua kali huidhoofisha dawa iliyomo. Kifuliwe kwa upole, kwa sabuni ya kawaida na maji yasiyo ya moto, wala kisisuguliwe kwenye jiwe.

Faida ya tatu: masomo

Je, chumba kilichojaa humzuia mtoto kujifunza? Tafiti mbili za Marekani zinatoa mwanga, ingawa hakuna iliyofanywa katika nyumba zetu.

Ya kwanza, ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, ilichapishwa mwaka 2014. Watoto 24 wa chekechea walifundishwa masomo ya sayansi, mara katika darasa lililopambwa kwa picha na mabango ukuta mzima, mara katika darasa lenye kuta tupu. Katika darasa lililopambwa macho yao yalitangatanga zaidi, na walipoulizwa maswali walipata asilimia 42. Katika darasa tupu walipata asilimia 55.

Ya pili, ya Chuo Kikuu cha Toledo katika jimbo la Ohio, ilitoka mwaka 2018. Watoto 36 wenye umri wa kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka miwili na nusu waliachwa wacheze, safari moja na vitu vinne vya kuchezea, safari nyingine na kumi na sita. Walipokuwa na vinne, walidumu na kila kimoja kwa muda mrefu zaidi na kukitumia kwa njia nyingi zaidi. Walipokuwa na kumi na sita, walirukaruka kutoka kimoja hadi kingine.

Tusizidishe maana ya matokeo hayo: watoto walikuwa wachache, na chumba cha kulala si darasa. Lakini kila mzazi aliyemwona mtoto akigeuza kopo na vizibo kuwa gari, akacheza nalo alasiri nzima, anajua kuna ukweli ndani yake. Tangu Januari 2023 shule nchini huanza saa mbili na nusu asubuhi na kumalizika saa kumi na moja jioni. Mtoto anayerudi nyumbani machweo ana saa chache tu za kula, kuoga, kurudia masomo na kulala. Akitumia nusu saa kutafuta kitabu, anaiiba ama kwenye masomo ama kwenye usingizi, na wataalamu wa usingizi wanasema mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kila usiku.

Kwa nini mikono huwa mizito

Kama faida ni hizo, mbona vitu havitoki? Kuna jibu jepesi na kuna jibu zito.

Jibu jepesi ni methali nyingine: akiba haiozi. Tunabakiza viatu kwa ajili ya mtoto atakayekuja, nguo kwa ajili ya binamu wa kijijini, kebo kwa ajili ya siku itakapohitajika. Methali hiyo ni ya kweli kwa fedha na kwa nafaka iliyokaushwa vizuri. Kwa viatu vilivyofungiwa kwenye mfuko kwa misimu miwili ya mvua, si ya kweli: gundi huachia, ngozi huota ukungu, na binamu wa kijijini mguu wake nao umekua. Nguo iliyofichwa miaka mitatu ilikuwa na mtu wa kuivaa katika miaka hiyo mitatu, na mtu huyo aliikosa.

Jibu zito linahitaji heshima. Juu ya kilima hicho cha Rebero kuna ukumbusho wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, mahali walipozikwa wanasiasa waliouawa kwa kuupinga mpango wa mauaji hayo; huko ndiko wiki ya maombolezo hufungwa rasmi kila Aprili 13. Katika nyumba zilizouzunguka, na katika Kigali nzima, wapo wazazi waliokua bila picha hata moja ya mama yao, bila shuka, bila kijiko kutoka nyumba waliyozaliwa. Wapo pia, na wengi wao ni wasikilizaji wetu wa Kiswahili, waliorejea kutoka Kongo, Tanzania, Burundi au Uganda na mzigo wa kubeba kichwani tu. Mtu aliyewahi kupoteza vyote hawezi kuambiwa kwa sauti ya juu kwamba anaweka takataka. Kila shati la mtoto wake ni ushahidi kwamba mtoto yupo, na anavikwa.

Katika Ukumbusho wa Gisozi kuna sehemu iliyotengwa kwa watoto waliouawa. Chini ya picha zao yameandikwa mambo machache sana: mchezo alioupenda, chakula alichokipenda, rafiki yake alikuwa nani. Anayetoka pale huelewa kwamba kumbukumbu ya mtoto hubebwa na vitu vichache vilivyochaguliwa, na kwamba vichache hivyo havina bei. Ndiyo sababu hatua ya kwanza katika kazi hii ni kuamua kinachobaki daima, kabla ya kuamua kinachotoka.

Jinsi ya kuianza kazi

*Mwite mtoto.* Kosa kubwa ni kungoja mtoto aende kwa shangazi, kisha mzazi akatupa vitu nyuma ya mgongo wake. Chumba kitapendeza, na mtoto atajifunza kwamba mali yake haina usalama nyumbani mwake. Tangu siku hiyo ataficha. Mtoto wa miaka minne anaweza kuchagua kati ya vitu viwili. Wa miaka minane anaweza kupanga mafungu. Wa miaka kumi na mitatu aachiwe kabati lake, mzazi apite tu mwishoni. Aambiwe kwa lugha ya kawaida: "Mwanangu, Jumamosi tunapanga chumba chenu. Hakuna kitakachotoka bila wewe kujua. Anza kufikiri ni vitu gani huwezi kuachana navyo."

*Chagueni siku.* Jumamosi ya mwisho ya mwezi ina Umuganda asubuhi, na mchana wake miili imechoka. Jumamosi inayotangulia hufaa zaidi. Kazi ianze asubuhi, jua likiwa jepesi, ikome kabla ya adhuhuri. Mtoto mdogo huchoka baada ya saa moja. Aruhusiwe kwenda kucheza na kurudi.

*Anza na sanduku la kumbukumbu.* Kila mtoto apewe sanduku moja dogo au kikapu cha kusukwa chenye kifuniko. Humo ataweka anavyotaka vidumu: cheti cha kwanza, mchoro, picha ya babu, kiatu cha uchanga, barua ya rafiki. Sharti ni moja tu, kwamba kifuniko kifunge. Mtoto akishajua kwamba vipenzi vyake viko salama, vingine huvitoa kwa moyo mweupe, na mara nyingi humshangaza mzazi.

*Toa vyote nje.* Vitu vikipangwa vikiwa ndani ya kabati, husogezwa tu kutoka pembe hii hadi ile. Tandikeni shuka kuukuu uani au sebuleni, vyote viwekwe hapo. Chumba kikiwa kitupu, kifagiliwe, kipigwe deki, kuta zifutwe, na tundu lolote linalopitisha mbu kwenye wavu wa dirisha lizibwe.

*Tengenezeni mafungu manne.* La kwanza ni la vinavyotumika na vitakavyorudi. La pili ni la vinavyohitaji mkono wa fundi: zipu, kifungo, kisigino. La tatu ni la vizima ambavyo vitamfaa mtu mwingine. La nne ni la vilivyokufa. Fungu la pili lina hila yake, maana hugeuka ghala jipya. Kama halijafika kwa fundi ndani ya wiki moja, lihamie la tatu au la nne.

*Nguo na viatu vijaribiwe mwilini.* Macho hudanganya. Katika kiatu, mtoto asimame wima, na mbele ya kidole kirefu kibaki nafasi ya kama upana wa kidole gumba cha mzazi. Sare ipimwe akiwa ameinua mikono na akiwa ameketi, kwa sababu hivyo ndivyo atakavyokaa darasani.

*Madaftari yapitiwe kurasa kwa kurasa.* Daftari ambalo limetumika theluthi moja linaweza kukatwa kurasa zilizoandikwa na kuwa daftari la hesabu za mazoezi. Madaftari ya mwaka uliopita ya masomo yanayoendelea yabaki hadi muhula wa kwanza uishe, kwa kuwa mwalimu huanza kwa marudio. Kitabu chenye muhuri wa shule kirudishwe shuleni siku ya kwanza. Mtoto mwingine anakisubiri.

*Vya kuchezea vigawanywe mara mbili.* Nusu ibaki chumbani, nusu ifungwe kwenye boksi, na baada ya mwezi vibadilishane zamu. Kilichotoka gizani huonekana kipya. Katika kupanga, mzazi akague vile vyenye betri ndogo bapa za mviringo: mtoto mchanga akiimeza moja, yaweza kumchoma koo kwa muda wa saa chache tu. Kama kifuniko cha betri hakina skrubu, kitu hicho kitoke.

Vinakwenda wapi

Wanyarwanda huita nguo za mitumba *caguwa*. Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani: ni neno letu *chagua*, lililochukuliwa kutoka midomo ya wauzaji waliokuwa wakiwaita wateja mbele ya marobota yaliyofunguliwa. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo hizo kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.5 kwa kilo, ili kuvipa nguvu viwanda vya nyumbani. Marekani ilijibu mwaka 2018 kwa kusimamisha nafuu ya ushuru iliyokuwa ikizipa nguo za Rwanda chini ya mpango wa AGOA. Katika mvutano huo wa mataifa, athari kwa chumba cha mtoto ni rahisi kuieleza: nguo nzima iliyovaliwa imepanda thamani. Kuitupa ni kupoteza zaidi kuliko zamani.

Basi fungu la tatu lina milango mingi. Mlango wa karibu ni jirani na ndugu. Mwingine ni msikiti au kanisa, ambako viongozi hujua kimya kimya ni nyumba ipi inayoanza mwaka bila sare. Upo pia Umugoroba w'Imiryango, kikao cha familia za mtaa, na mkutano unaofuata baada ya Umuganda. Lakini kutoa kuna adabu yake. Nguo ifuliwe, ipigwe pasi, kifungo kishonwe. Jina la mwenyewe lifumuliwe kwenye kola, ili mtoto atakayeivaa asiulizwe darasani kwa nini amevaa jina la mwenzake. Na kama wote wawili wanasoma shule moja, mtoto wako aelezwe mapema kwamba kilichotolewa hakitajwi tena. Zawadi inayotangazwa uwanjani humgeuka aliyepewa ikawa aibu.

Fungu la nne nalo lina njia zake. Redio iliyokufa, chaja, kebo na simu mbovu visichanganywe na taka za jikoni. Kiko kituo cha Enviroserve wilayani Bugesera kinachochambua na kurejeleza vifaa vya umeme vilivyochakaa. Vifaa hivyo vina madini ya thamani na pia sumu. Vikizikwa ovyo, sumu huingia ardhini na majini. Vinginevyo viwekwe kwenye gunia linalochukuliwa na kampuni ya usafi ya mtaa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu mwaka 2008, hivyo maboksi, magunia na vikapu ndivyo vyombo vya kazi hii. Plastiki isichomwe uani, kwa kuwa moshi wake huingia katika chumba kile kile kilichosafishwa.

Wakazi wa Kicukiro wana sababu ya pekee ya kulifikiria jambo hili. Kwa miaka mingi jaa la taka za jiji lilikuwa Nyanza, kilima jirani na Rebero, hadi lilipofungwa mwaka 2012 na taka kuhamishiwa Nduba, wilayani Gasabo. Waliokaa hapa siku hizo wanaikumbuka harufu. Kinachotupwa leo hakijatoweka. Kimehamia mlangoni kwa mwingine.

Kurudisha vitu chumbani

Kinachorudi kirudi kwa utaratibu ambao mtoto anaweza kuulinda mwenyewe. Vitu vya kila siku viwe chini, mahali mkono wake unapofika. Vya msimu viwe juu. Misumari miwili iliyopigwa ukutani kwa kimo chake, mmoja wa mkoba na mmoja wa sweta, hufanya kazi kuliko kabati la gharama ambalo mlango wake haufunguki. Pale wanapolala watatu, kila mmoja awe na rafu yake au boksi lake lenye jina lake. Mtoto asiye na mahali pake hana sababu ya kupanga.

Chini ya kitanda pabaki patupu, au pawe na kitu kimoja tu kinachovutika kwa urahisi siku ya kufagia. Mahali pa kusomea, hata kama ni meza ya kulia chakula, pawe na mwanga na pasiwe na kitu kingine wakati wa kusoma.

Mkoba wa shule upimwe. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri uzito wake usizidi asilimia 10 hadi 20 ya uzito wa mtoto. Kwa mtoto wa kilo 25, hiyo ni kati ya kilo mbili na nusu na tano. Miteremko na miinuko ya Rebero humfanya mtoto auhisi kila mzigo wa ziada mgongoni. Kila Ijumaa jioni mkoba umwagwe wote mezani, kisha urudishiwe vinavyohitajika Jumatatu.

Anayekwenda bweni

Kila mwanzo wa muhula, mamlaka ya mitihani na ukaguzi wa shule, NESA, hutoa ratiba ya safari kwa wanafunzi wa bweni, na uwanja wa Nyamirambo, ambao tangu Machi 2023 unaitwa Kigali Pelé Stadium, hujaa masanduku, ndoo na magodoro yaliyokunjwa. Mtoto wa bweni apange mwenyewe sanduku lake, akiwa na orodha ya shule mkononi. Asichokipanga yeye hatajua kukilinda.

Akishaondoka, kitanda chake huonekana kikitamaniwa. Mdogo wake anataka kuhamia, na mzazi anaona nafasi ya kuweka gunia la mchele. Ni haki nyumba itumie nafasi yake, lakini jambo hilo lizungumzwe kabla hajapanda basi. Rafu moja na sanduku lake la kumbukumbu vibaki kama alivyoviacha. Kijana anayerudi likizo akakuta hana hata msumari wa kutundika shati, hujiona mgeni kwao.

Kazi isiyokwisha

Marie Kondo, Mjapani ambaye kitabu chake cha mwaka 2011 kiliwafundisha mamilioni ya watu kupanga nyumba zao, alikiri mwanzoni mwa mwaka 2023 kwamba baada ya kupata mtoto wa tatu nyumba yake haikuwa tena nadhifu kama zamani, na kwamba amechagua kuutumia muda wake pamoja na watoto. Wengine walimcheka. Wazazi wengi walipumua.

Chumba cha watoto hakitabaki kama kilivyokuwa Jumamosi ile. Kufikia Oktoba soksi moja itakuwa imepotea, na penseli zitakuwa zimerudi chini ya kitanda. Dakika kumi kila Jumapili jioni, watoto na mzazi pamoja, zatosha kulirudisha jambo mahali pake hadi likizo nyingine.

Kinachobaki ni kile ambacho mtoto alijifunza akiwa ameketi juu ya shuka uani, kiatu kisichomtosha mkononi. Aliulizwa kama kinamfaa, akajibu hapana. Akaulizwa kama anamjua anayeweza kukivaa, akafikiri kidogo, kisha akataja jina la mwenzake wa darasani ambaye mzazi hakuwahi kumsikia. Siku ya kwanza ya shule, kiatu hicho kitapanda kilima kikiwa mguuni mwa mwenye kukihitaji.